Kumbukumbu za Ukumbi wa The Kitchen, New York: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kumbukumbu hizi ni za mahali gani, na sasa ziko wapi?

Ni za The Kitchen, ukumbi wa muziki wa majaribio, video, dansi na maonyesho ya jukwaani uliofunguliwa mjini New York mwezi Juni 1971 na wasanii wawili wa video, mke na mume: Steina, mzaliwa wa Iceland, na Woody Vasulka, mzaliwa wa Brno katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia. Chumba chao cha kwanza kilikuwa jiko la zamani la hoteli ya Broadway Central, ndani ya kituo cha sanaa cha Mercer, na jina la ukumbi limetoka huko. Tarehe 3 Agosti 1973 jengo la hoteli hiyo liliporomoka na kuua watu wanne. Ukumbi ukahamia mtaa wa Wooster, eneo la SoHo, na katikati ya miaka ya 1980 ukahama tena kwenda West 19th, eneo la Chelsea, katika jengo ambalo zamani lilikuwa ghala la barafu. Ukumbi wenyewe ungali hai hadi leo, lakini sehemu kubwa ya kumbukumbu zake za miongo ya mwanzo ilichukuliwa na Taasisi ya Utafiti ya Getty iliyoko Los Angeles, mwaka 2014. Mtafiti anayefunga safari kwenda New York kuzitafuta atakuwa amekwenda pwani siyo.

Mkusanyo huo una ukubwa gani?

Getty ilipoutangaza ilitaja kanda za video 5,410 na kanda za sauti zaidi ya 600, pamoja na picha, mabango, vipeperushi na karatasi nyingine za matukio. Takwimu hizo zisimpumbaze mtu. Si kila kanda ni tamasha zima, na si kila tamasha lina kanda. Tamasha moja refu linaweza kukalia kanda tatu au nne, na kanda nyingi za video si kumbukumbu za muziki hata kidogo, bali ni kazi za sanaa zilizoletwa zikiwa zimekamilika na kuonyeshwa ukumbini, au maonyesho ya dansi, au mazungumzo ya wasanii. Anayetafuta muziki peke yake atalazimika kuchambua kwanza.

Kwa nini ukumbi wa muziki uwe na kanda za video nyingi kuliko za sauti?

Kwa sababu hapakuanza kama ukumbi wa muziki. Akina Vasulka walitafuta mahali pa kuonyeshea video, sanaa iliyokuwa changa mno mwaka 1971, wakati kamera za kubebeka na vinasa vyake vya kanda ya nusu inchi vilikuwa vimeingia mikononi mwa wasanii kwa miaka michache tu. Muziki ulikaribishwa kama mgeni, na mwenyeji wake akawa Rhys Chatham, kijana ambaye alikuwa hata hajatimiza miaka 20, aliyekabidhiwa kazi ya kupanga matamasha. Mgeni huyo baadaye alikalia nusu ya nyumba, lakini tabia ya wenye nyumba ilikuwa imekwisha kujengeka: mashine za kurekodia zilikuwapo, watu wa kuziendesha walikuwapo, na hakuna aliyeona ajabu kamera ikisimama pembeni mwa jukwaa.

Kwa maoni yangu jambo hili ndilo linaloutofautisha mkusanyo huu na mingine ya aina yake. Katika miaka hiyo hiyo muziki mpya ulipigwa katika vyumba vingi vya juu vya maghala ya SoHo, mara nyingi nyumbani kwa wasanii wenyewe, na mengi ya matamasha hayo hayakuacha chochote ila kumbukumbu vichwani mwa waliohudhuria. Historia ya muziki wa New York wa wakati ule imeegemea The Kitchen kwa kiasi fulani kwa sababu ya ubora wa kilichopigwa pale, na kwa kiasi fulani kwa sababu tu pale palikuwa na kanda. Mtafiti anayesahau sababu hii ya pili ataandika historia ya mahali palipokuwa na kinasa, akidhani ameandika historia ya jiji zima.

Nitajuaje kanda ya mwaka fulani inaelekea kuwa na muziki wa aina gani?

Anza na jina la mkurugenzi wa muziki wa msimu huo, kwa sababu kila mmoja alileta sikio lake. Baada ya Chatham alifuata Jim Burton, kisha Arthur Russell katika msimu wa 1974 hadi 1975, kisha Garrett List, kisha Chatham akarudi kuanzia 1977 hadi 1980, na baada yake George Lewis hadi 1982. Russell, mpiga selo, ala ya nyuzi kama fidla kubwa, aliyependa muziki wa dansi kama alivyopenda muziki wa kutafakari, aliialika bendi ya roki ya Modern Lovers mwaka 1975, jambo lililowashangaza waliozoea kuketi sakafuni wakisikiliza sauti moja ikibadilika taratibu kwa saa nzima. Chatham aliporudi alikuwa mwenyewe amekwisha kutumbukia katika magitaa ya umeme. Lewis, mpiga trombone kutoka Chicago na mwanachama wa AACM, umoja wa wanamuziki weusi wa mji huo, aliwafungulia mlango zaidi wanamuziki wa kubuni papo kwa papo. Kwa hiyo ukikuta lebo iliyofutika ambapo mwaka tu ndio unaosomeka, jina la mkurugenzi wa mwaka huo litakupa dokezo la kwanza la kilichomo.

Kama kanda zipo, karatasi zina kazi gani?

Swali hili huulizwa zaidi na wanamuziki, ambao wangependa kwenda moja kwa moja kwenye sauti, na jibu lake ni refu kidogo.

Tamasha moja katika ukumbi wa namna hii huzaa mlolongo wa karatasi. Kuna barua ya mtunzi anayependekeza kazi yake, jibu la ukumbi, makubaliano ya malipo, orodha ya vifaa vinavyohitajika, taarifa kwa magazeti, kalenda ya mwezi, bango, kipeperushi kilichogawiwa mlangoni, hesabu ya viingilio na tahakiki iliyokatwa gazetini. Kila karatasi iliandikwa kwa kusudi lake na wakati wake. Kalenda husema kilichokusudiwa, kipeperushi husema kilichokuwa kikitarajiwa alasiri ya siku yenyewe, hesabu ya viingilio husema watu wangapi walikuja, na tahakiki husema mtu mmoja alisikia nini.

Sasa chukua kanda ya sauti ya tamasha hilo hilo. Katika muziki wa kawaida anayejua utunzi ataitambua kanda hata bila lebo. Katika muziki wa majaribio utunzi unaweza kuwa ukurasa mmoja wa maelekezo, au mchoro wa jinsi ya kuunganisha vifaa, au makubaliano ya mdomo baina ya wapigaji, kiasi kwamba sauti peke yake haikuambii kama unachosikia ni mwanzo wa kazi, mitambo ikijaribiwa, au hitilafu ya umeme. Wahifadhi wamewahi kukuta mvumo wa dakika 20 na kujiuliza kama ni muziki au ni waya uliokosa kufungwa vizuri. Kipeperushi kinachosema kwamba kazi ya pili jioni hiyo ilikuwa ya vyombo vya kuzalisha mawimbi ya sauti humaliza ubishi huo kwa sentensi moja.

Zaidi ya hapo, kanda ya njia mbili husikika kulia na kushoto tu. Iwapo mtunzi aliweka spika nane kuzunguka wasikilizaji, na sauti ikawa inatembea kutoka kona hadi kona, kinasa kilichowekwa mahali pamoja kilinasa kivuli cha mwendo huo. Mpangilio wenyewe uko kwenye karatasi ya fundi: spika ngapi, ziko wapi, zimeinuliwa kwa kimo gani, waya upi unakwenda wapi. Karatasi hiyo mara nyingi imekunjwa, ina alama ya kikombe cha kahawa, na haina jina la aliyeiandika. Wapangaji wasio makini huitupa. Mimi ningeihifadhi kabla ya bango, hata kama bango ndilo linalopendeza kutazama.

Nimesikia kwamba karatasi za fedha nazo hutunzwa. Zinasaidia nini katika muziki?

Zinasaidia sana. Ukumbi huu uliendeshwa kwa ruzuku za mashirika ya umma, likiwamo baraza la sanaa la jimbo la New York, na maombi ya ruzuku ni maandishi ambamo mtu analazimika kueleza kwa lugha ya wazi nini kimefanyika mwaka uliopita na nini kitafanyika mwaka ujao. Ni adimu kukuta muziki huu umeelezwa kwa uwazi namna hiyo kwingineko. Jambo moja la kuangalia: jina la kisheria la The Kitchen ni Haleakala, Inc., hivyo hundi, mikataba na barua rasmi zinaweza kubeba jina hilo na si lile linalojulikana na umma. Mtafiti asiyelijua hupita juu ya karatasi alizokuwa akizitafuta.

Kwa nini kanda haziwekwi tu kwenye mashine na kusikilizwa?

Kwa sababu kuna kanda zinazoharibika zikichezwa mara moja tu. Kanda ya sumaku ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma, na unga huo hushikiliwa na gundi. Gundi iliyotumiwa katika kanda nyingi za kitaalamu kuanzia miaka ya 1970 hufyonza unyevu wa hewa na kuvunjika kikemikali kadiri miaka inavyopita. Kanda ikipitishwa kwenye mashine hunata, hupiga kelele kama mlango wenye kutu, na kuacha unga wake juu ya vichwa vya mashine. Na unga huo ndio muziki wenyewe. Kanda za Ampex 456, zilizopendwa sana studioni, ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi kwa ugonjwa huu.

Tiba iliyozoeleka ni kuioka kanda. Huwekwa ndani ya tanuri maalumu yenye joto tulivu la nyuzi 50 hadi 55 za Selsiasi kwa saa kadhaa, unyevu hutoka, na kwa wiki chache gundi hurudisha nguvu ya kutosha kuiwezesha kanda ipite kwenye mashine na kunakiliwa. Tanuri la jikoni halifai, kwa kuwa joto lake hupanda na kushuka. Vilevile tiba hii si ya kila kanda: zile za zamani zaidi ambazo utepe wake ni wa asetati, na ambazo zikizeeka hunuka siki, zikiokwa huharibika kabisa. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya fundi ni kuitambua kanda kabla ya kuigusa kwa lolote.

Kanda za video zina tatizo la ziada, nalo ni mashine. Kanda za riili, yaani zilizozungushwa kwenye gurudumu wazi bila kaseti, za nusu inchi za mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kaseti za U-matic ambazo Sony iliziingiza sokoni mwaka 1971, huhitaji vifaa ambavyo havitengenezwi tena, na vipuri vyake hupatikana kwa kuua mashine moja ili nyingine iishi. Wanaojua kuzirekebisha wengi wao ni wazee. Nionavyo mimi, uhaba wa mafundi hao ni hatari iliyo karibu zaidi kuliko kuoza kwa kanda zenyewe.

Mbona katikati ya tamasha muziki unakatika ghafla kisha unaendelea?

Aliyekuwa akirekodi alikuwa akibadilisha kanda. Riili ya kinasa cha video cha kubebeka ilichukua nusu saa hivi, na kaseti ya kawaida ya U-matic saa moja. Riili ya sauti ya inchi saba yenye futi 1,200, ikizungushwa kwa kasi ya inchi saba na nusu kwa sekunde, huisha baada ya dakika 32. Muziki wa watunzi wa mtindo wa marudio, ambao kazi moja yao huweza kwenda saa nzima au zaidi bila kusimama, haukuwa na huruma kwa fundi wa kanda. Palipokuwa na vinasa viwili, fundi makini alianzisha cha pili kabla cha kwanza hakijaisha, na leo vipande hivyo huweza kuunganishwa. Palipokuwa na kimoja, dakika zile zimepotea. Wakati mwingine kinasa cha sauti na kamera ya video vilikuwa vikifanya kazi usiku huo huo na kukatika kwa nyakati tofauti, na hapo pengo la kimoja huzibwa na kingine. Ni vizuri kuuliza kama tamasha unalolitafuta lilirekodiwa kwa njia zote mbili.

Nakala nzuri ya kidijitali inapaswa kuwaje?

Kwa sauti, wahifadhi hupendelea faili la WAV lenye sampuli 96,000 kwa sekunde na kina cha biti 24, ambalo kwa njia mbili hula takriban gigabaiti mbili kwa saa. Kwa video ya zama hizo, faili lisilobanwa la biti 10 hufikia takriban gigabaiti 100 kwa saa, ndiyo maana baadhi ya taasisi hutumia mbinu za kubana zisizopoteza chochote. Nakala kuu haisafishwi. Kelele ya mkanda, kukohoa kwa watu na mlango unaofungwa huachwa vilivyo. Anayetaka kusafisha asafishe nakala yake. Katika muziki huu agizo hilo lina uzito zaidi, kwa sababu programu ya kuondoa kelele haijui tofauti baina ya mvumo wa mashine na mvumo aliouandika mtunzi.

Naweza kusikiliza yote mtandaoni?

Hapana. Maelezo ya mkusanyo, yaani orodha ya masanduku na mafaili, yanaweza kusomwa na yeyote mwenye intaneti, lakini kanda nyingi ni za kutazamwa na kusikilizwa kwa utaratibu wa chumba cha kusomea, na ambayo haijanakiliwa haichezwi kwa ajili ya mgeni hata akiwa amesafiri kutoka mbali. Sehemu ndogo imetoka kama albamu: mwaka 2004 lebo ya Orange Mountain Music ilianza kutoa rekodi kutoka kumbukumbu za The Kitchen, ikianza na zile za tamasha kubwa la siku tisa la Juni 1979. Tamasha hilo liliwakusanya watu kama Philip Glass, Steve Reich, Meredith Monk, Pauline Oliveros, Laurie Anderson na Tony Conrad, na kutoka humo likazaliwa tamasha la kila mwaka la New Music America, lililokuwa likihama mji hadi mji kuanzia Minneapolis mwaka 1980 hadi Montreal mwaka 1990. Asiyeweza kusafiri na aanze na albamu hizo.

Nani mwenye haki juu ya kilichomo kwenye kanda?

Mara nyingi watu kadhaa kwa pamoja. Mtunzi ana haki juu ya utunzi, wapigaji wanaweza kuwa na haki juu ya upigaji wao, aliyeshika kamera anaweza kuwa na haki juu ya picha, na taasisi ina mali ya kanda kama kitu. Kumiliki kanda si kumiliki muziki uliomo, na hili ndilo linalowakwaza wengi wanaodhani kwamba kibali cha maktaba kinatosha kuchapisha. Muziki wa kubuni papo kwa papo huzidisha ugumu, kwa kuwa wapigaji wanne wa jioni moja wote ni watunzi, na mara nyingi hapakuwa na mkataba wowote ila kupeana mikono.

Sheria ya Marekani ina mpaka mmoja ambao msimu wa kwanza wa The Kitchen unaukalia juu kabisa. Rekodi za sauti zilizonaswa kabla ya tarehe 15 Februari 1972 hazikuwa chini ya hakimiliki ya shirikisho. Ziliingizwa katika utaratibu wa kitaifa kwa sheria ya mwaka 2018, na zile zilizonaswa baada ya 1956 zimelindwa hadi tarehe 15 Februari 2067. Kanda ya sauti ya Januari 1972 na ya Machi 1972, za mpigaji yule yule katika chumba kile kile, zina historia tofauti kisheria. Kanda za video hazimo katika hesabu hii, kwa sababu sauti iliyo ndani ya video huhesabiwa kuwa sehemu ya video. Kwa lengo la kuchapisha, tafuta ushauri wa mwanasheria, na watafute wasanii wenyewe au warithi wao.

Ni nini ambacho hakimo?

Kwanza, hamna kazi ambazo wasanii waliondoka nazo. Ukumbi ulikuwa mahali pa kupita. Manota, michoro na vyombo vilirudi nyumbani na mwenyewe, na hatima yake ikategemea maisha ya mwenyewe. Mfano unaouma ni wa Julius Eastman, mtunzi, mpiga piano na mwimbaji mweusi aliyepiga mara kadhaa The Kitchen. Mwaka 1981 kazi yake ya selo kumi ilipigwa hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifukuzwa katika nyumba aliyopanga, vitu vyake pamoja na karatasi za muziki vikatolewa nje, na nyingi hazikuonekana tena. Alifariki mwaka 1990 mjini Buffalo, na gazeti lilichapisha taazia yake miezi kadhaa baadaye. Mtunzi Mary Jane Leach alitumia miaka mingi kuziulizia kanda kwa marafiki na taasisi moja moja, hadi mkusanyo wa rekodi za Eastman ukatolewa mwaka 2005. Na mpiga selo Clarice Jensen akaiandika upya kwa sikio ile kazi ya selo kumi kutoka rekodi iliyosalia, ndipo ikaweza kupigwa tena. Anayefanya kazi hiyo husikiliza selo kumi zikigongana katika masafa yale yale ya chini, akirudisha nyuma sekunde chache mara nyingi, akiamua ni mpigaji wa ngapi aliyeingia.

Pili, hamna sauti za wasikilizaji, isipokuwa makofi. Tatu, waliofanya kazi bila majina yao kuandikwa: mafundi, waliokaa mlangoni, waliobeba piano. Majina yao huibuka kwa bahati katika hesabu za posho.

Tarehe mbili zinapingana. Niamini ipi?

Amini karatasi iliyoandikwa karibu zaidi na tukio, na yenye sababu ndogo zaidi ya kukosea. Kalenda huchapishwa wiki kadhaa kabla, na programu hubadilika. Lebo ya kanda huandikwa siku hiyo hiyo, lakini huweza pia kuandikwa miaka mingi baadaye na mtu aliyekuwa akikumbuka kwa kubahatisha; angalia wino na mwandiko kama unalingana na wa kanda za jirani. Tahakiki ya gazeti ina tarehe ya gazeti, si ya tamasha. Kwa bahati njema, Tom Johnson aliandika kuhusu muziki huu katika Village Voice, gazeti la New York, kwa takriban miaka kumi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, naye alikuwa mtunzi mwenye mazoea ya kueleza kwa utulivu alichokiona na kukisikia: wapigaji walikaa wapi, sauti ilianza vipi, ilidumu kwa muda gani. Tahakiki zake zimetatua mabishano mengi kuliko lebo.

Je, mafuriko ya mwaka 2012 yaliziathiri kumbukumbu?

Kimbunga Sandy, mwishoni mwa Oktoba 2012, kiliingiza maji ya mto Hudson katika mitaa ya Chelsea, na ukumbi wa chini wa The Kitchen ulifurika. Katika kituo cha sanaa cha Eyebeam, mitaa miwili kutoka hapo, maji yaliingia mpaka kwenye kanda na diski, na wahifadhi pamoja na watu wa kujitolea wakakusanyika kuziosha moja moja kwa maji safi na kuzikausha kwa hewa. Miaka miwili baadaye kumbukumbu za The Kitchen zilikuwa zimepata makao Los Angeles, mbali na mto huo. Ingawa hata California ina moto na matetemeko yake.

Kuna mahali pengine pa kutafuta zaidi ya Getty?

Papo, na mara nyingi jibu hupatikana huko. Karatasi na kanda za Arthur Russell ziko katika Maktaba ya Umma ya New York, tawi la sanaa za maonyesho. Kazi za akina Vasulka zina makao Reykjavik, katika jumba la taifa la sanaa, na Brno. Electronic Arts Intermix, shirika la New York lililoanzishwa mwaka 1971, husambaza kazi nyingi za video za kizazi hicho. Kanuni ya wahifadhi ni kutovuruga asili ya mkusanyo, kwa hiyo barua aliyoiandika Russell kwenda kwa ukumbi itakuwa kwenye masanduku ya ukumbi, na jibu alilolipokea litakuwa kwenye masanduku ya Russell, maili elfu mbili na ushei kutoka hapo.

Niko Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura. Nianzie wapi?

Soma mwongozo wa mkusanyo mtandaoni kwanza, uandike namba za masanduku na mafaili unayoyataka, kisha uwaandikie wahudumu barua pepe fupi yenye namba hizo. Barua inayosema “naomba kila kitu kuhusu muziki wa miaka ya sabini” itakaa muda mrefu bila jibu la maana. Eleza pia kusudi lako, kama ni tasnifu, makala au kupiga kazi upya, kwa kuwa haki za kunakili hutegemea hilo.

Wapo pia wanaouliza kama ujuzi huu unafaa kwa riili za redio za kwetu. Unafaa moja kwa moja, kwani kanda ni zile zile na gundi ni ile ile, tofauti ikiwa unyevu wa Pwani, ambao huharakisha uharibifu. Kwa chumba kisicho na kiyoyozi, hatua ya kwanza isiyo na gharama kubwa ni kuziinua kanda kutoka sakafuni, kuzisimamisha wima ndani ya maboksi yake, na kunakili kwenye daftari kila neno lililoandikwa juu ya boksi kabla karatasi haijabanduka.

Ninukuu vipi nilichokipata?

Taja kitu chenyewe, tarehe, namba ya sanduku na faili, jina la mkusanyo na jina la taasisi inayoutunza. Kwa kanda ongeza aina yake, dakika na sekunde ulipoanzia, na kama ulisikiliza nakala ya kidijitali. Tarehe ikiwa ni ya kukisia, iweke ndani ya mabano ya mraba, na eleza ulivyoikisia ili mwingine aweze kuisahihisha.